Sura ya 4: Nikasome, Nisafiri, au Ninunue Kamera?

"Dada, hiyo ada ya chuo si bora ninunulie kamera tu?"

Swali hili nimelisikia kwenye harusi, kwenye vituo vya daladala, na kwenye ujumbe wa simu unaoingia usiku wa manane. Anayeuliza mara nyingi ni kijana aliyemaliza kidato cha sita. Ana simu yenye kamera nzuri, majirani wameshaanza kumwita kwenye sendofu na vipaimara, na nyumbani mjadala haujaisha. Mzazi naye ana swali lake. Mzee mmoja wa Magomeni alinikaribisha barazani kwake, nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, kupiga picha nako kunasomewa?" Hakuwa na dharau hata kidogo. Alikuwa na kiwanja alichofikiria kukiuza, akataka kujua kama fedha yake itarudi.

Mzee yule alistahili jibu lililonyooka, na sura hii imeandikwa kwa ajili yake na kwa ajili ya mwanawe. Nalisema jibu langu mapema ili msomaji asilitafute. Mpiga picha hukuzwa na mambo mawili: kurudi mara kwa mara kwenye kile anachokitazama, na kuwa na mtu mwenye ujuzi atakayemwambia ukweli kuhusu picha zake. Chuo ni njia moja ya kuyapata hayo. Safari ni njia nyingine, na gharama yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Studio ya mtaani ni njia ya tatu, na ndiyo iliyotulelea wakubwa wengi wa bara hili.

## Vijana wawili wa Nairobi

Tuanze na watu wawili waliozaliwa mji mmoja, wakapishana miaka minane tu, wakafanya kazi ileile kwa njia mbili tofauti.

Wa kwanza ni Priya Ramrakha, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1935. Alianza kupiga picha akiwa kijana mdogo katika miaka ya hali ya hatari, Kenya ikiwa bado chini ya Mwingereza, na picha zake zikatoka kwenye gazeti la Colonial Times lililokuwa la ukoo wake. Mpiga picha wa jarida la Life, Eliot Elisofon, aliona kazi yake akamsaidia kwenda Marekani kusoma katika chuo cha Art Center, Los Angeles. Akapata kazi na majarida ya Time na Life. Kenya ilipokaribia uhuru akarudi, akapiga picha za siku zile kwa jicho la mtu wa nyumbani aliyefundishwa mbali.

Wa pili ni Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia kwa sehemu Dar es Salaam. Huyu hakusomea picha popote. Alipata kamera ya Box Brownie iliyokwishatumika akiwa mtoto wa shule, akajifunza mwenyewe, na mwaka 1963 akafungua kampuni yake ya Camerapix hapo hapo Dar es Salaam, hajafikisha miaka ishirini na moja. Januari 1964 alikuwa Zanzibar wakati wa Mapinduzi. Oktoba 1984 aliingia Korem, Ethiopia, pamoja na mtangazaji wa BBC, Michael Buerk, na picha za video alizopiga kambini kwa watu wenye njaa zikazunguka dunia nzima. Tamasha kubwa la Live Aid la Julai 1985 lilitokana na watu kuziona picha zile.

Ukiniuliza kati ya hawa wawili nani alichagua vizuri, sina namna ya kumweka mmoja juu ya mwenzake. Ninachokiona ni kwamba wote wawili walikuwa tayari wanapiga picha kabla hawajapewa ruhusa na mtu. Ramrakha hakwenda Los Angeles kuanza. Alikwenda na kazi mkononi, na kazi hiyo ndiyo iliyomfungulia mlango. Kijana anayesema atapiga picha akishafika chuoni hunipa wasiwasi zaidi kuliko yule asiye na ada.

Kuna jambo jingine linalowaunganisha, na silipiti kimya kwa kuwa wazazi wana haki ya kulijua. Wote walifia kazini au safarini. Ramrakha aliuawa kwa risasi Oktoba 1968 katika vita vya Biafra, Nigeria. Amin alipoteza mkono wa kushoto mwaka 1991 ghala la silaha lilipolipuka Addis Ababa, akaendelea kupiga picha kwa mkono wa bandia, kisha akafariki Novemba 1996 ndege ya Ethiopia iliyotekwa ilipoanguka baharini karibu na Ngazija. Wapiga picha wengi hawaendi vitani, wala si lazima. Lakini anayevutiwa na picha za vita ajue bei yake.

## Chuo kinatoa kitu gani hasa?

Watu hudhani chuo cha sanaa kinafundisha kutumia kamera. Kinafundisha, ndiyo, lakini hiyo ni sehemu ndogo na leo unaweza kuipata kwenye simu yako bila kulipa ada. Mambo matatu yanayotawala picha hujifunzwa kwa wiki chache. La kwanza ni tundu la lenzi, yaani uwazi unaopanuka na kubana kama mboni ya jicho ili kuingiza mwanga mwingi au kidogo. La pili ni shata, yaani kizuizi kinachofunguka na kufunga ndani ya kamera, na kasi yake ndiyo inayoamua kama mtoto anayekimbia atatoka ametulia au amevurugika. La tatu ni ISO, kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Ukikipandisha sana gizani, picha hujaa chengachenga.

Kinacholipiwa ada ni kikao cha ukosoaji. Kila chuo kizuri cha sanaa kina kikao hicho, hata kama jina hubadilika. Wanafunzi hubandika picha zao ukutani, zimechapwa ndogo tu, ukubwa wa kiganja. Mwenye kazi huketi na haruhusiwi kueleza alikusudia nini. Wenzake husema wanachokiona.

Katika chuo nilichosoma, mwenzangu mmoja alibandika picha aliyoipiga soko la samaki: mchukuzi aliyebeba kapu kichwani, maji yakimtiririka shingoni, nyuma yake mashua tatu na kundi la wanunuzi. Kila mtu aliisifu. Mwalimu hakusema neno. Alisimama, akaweka kiganja chake juu ya upande wa kushoto wa picha, akazifunika mashua. Ukumbini wote tulinyamaza. Bila mashua, macho yetu yalishuka moja kwa moja kwenye shingo ya yule mchukuzi, kwenye mishipa iliyotutumka na tone moja lililokuwa likielekea kuanguka. Akauondoa mkono, mashua zikarudi, na shingo ikapotea tena. Alifanya hivyo mara mbili, kisha akaenda kwenye picha iliyofuata. Mwenzangu yule hakuwahi tena kupiga picha ya mtu kabla ya kutazama pembeni kuna nini.

Somo la namna hiyo hulipati kwa kupendwa mtandaoni. Wanaokupenda hawana sababu ya kufunika mashua zako.

Jambo la pili ambalo chuo hutoa ni muda. Nyumbani, kamera ikishika chaji tu, kuna shangazi anataka picha za ubatizo. Chuoni unaweza kukaa miezi ukipiga picha za jambo moja ambalo hakuna anayekulipa kulipiga, na hapo ndipo mtu hugundua anachokipenda.

Afrika Mashariki, mara nyingi somo la picha limewekwa ndani ya masomo mengine: uandishi wa habari, usanifu wa matangazo, sanaa za ufundi. Makerere ina shule ya sanaa iliyotokana na madarasa aliyoyaanzisha Margaret Trowell mwaka 1937. Bagamoyo ina TaSUBa, iliyoanza kama chuo cha sanaa mwaka 1981. Ukitaka kusoma huko au kwingineko, usisome jina la chuo tu. Nenda uulize nani anafundisha picha, anapiga picha zipi yeye mwenyewe, na wanafunzi waliomaliza wako wapi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Johannesburg. Mwaka 1989, utawala wa makaburu ukiwa bado haujaanguka, mpiga picha David Goldblatt alianzisha Market Photo Workshop, shule ndogo ya kufundisha picha kwa watu ambao ubaguzi uliwafungia milango ya vyuo. Hakikuwa chuo kikuu. Zilikuwa kozi fupi, chumba cha giza cha kusafishia filamu, na walimu waliokuwa wakifanya kazi hiyo mitaani kila siku. Waliopita hapo ni pamoja na Zanele Muholi na Sabelo Mlangeni, na pia Jodi Bieber, ambaye picha yake ya msichana wa Afghanistan aliyekatwa pua ilishinda tuzo ya World Press Photo ya mwaka 2010. Jengo halikuwa la fahari, lakini kulikuwa na watu wa kukosoa kazi, basi.

Kwa ufupi: chuo kina thamani kama kina walimu wanaopiga picha, kikao cha ukosoaji, na muda. Kikiwa na cheti peke yake, hifadhi kiwanja chako, mzee wangu.

## Njia ya studio

Kabla ya vyuo, picha zilifundishwa dukani. Zanzibar, katika Mji Mkongwe, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Alipiga picha za masultani na za watu wa kawaida, na mwanawe Rohit akakulia humo, akajifunza kwa kumtazama baba, kisha akairithi kazi. Lamu kulikuwa na Omar Said Bakor, ambaye hakufundishwa na chuo chochote, lakini ndani ya studio yake alichanganya negativi mbili tatu katika picha moja, akatoa watu wakichungulia kutoka ndani ya maua na vyombo, miongo mingi kabla ya kompyuta kurahisisha kazi hiyo.

Bamako nako, kijana aitwaye Malick Sidibé alimaliza shule ya mafundi, alikosomea kuchora na kutengeneza vito. Mwaka 1955 Mfaransa mmoja mwenye studio akamwita aje kuipamba. Sidibé alipamba, akabaki, akajifunza. Baadaye akafungua Studio Malick na kuzunguka na kamera kwenye dansi za vijana wa Mali baada ya uhuru. Mwaka 2007 maonyesho ya Venice yalimpa Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake yote. Alikuwa mpiga picha wa kwanza na Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo hiyo.

Nawataja hawa kwa sababu vijana wengi wanaionea aibu studio. Wanaona picha za pasipoti ni kazi ya kulala njaa. Mimi nilianzia kwenye studio ya namna hiyo, na naamini picha ya pasipoti ni shule nzuri mno. Una dakika mbili, mtu usiyemjua, ukuta mweupe, na uso ambao lazima utoke sawasawa. Utajifunza namna ya kumtuliza mama mwenye haraka na mtoto anayelia. Utajifunza kwamba kidevu kikishuka kidogo macho hufunguka. Ukipata bahati ya bosi anayejua kazi, kaa naye. Kama anakutumia kufagia tu, ondoka.

## Mwanga wetu

Hapa nitakawia, kwa sababu ni jambo ambalo vitabu vingi vya picha, vilivyoandikwa na watu wa nchi za baridi, havituelezi.

Vitabu hivyo husifu saa ya dhahabu, yaani ule muda mfupi baada ya jua kuchomoza na kabla ya kuzama ambapo mwanga huwa laini na wa manjano. Kwao, wakati wa kiangazi, jua huzama kwa kuteleza taratibu upande upande, na mwanga huo hukaa muda mrefu. Sisi tuko karibu na ikweta. Jua letu hushuka karibu wima. Ukichelewa daladala moja, umeukosa. Mpiga picha wa Dar es Salaam au Mombasa anapaswa kuwa mahali pake, amejiandaa, kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na jioni awe amefika saa kumi na moja.

Mchana nao una shida yake. Kuanzia saa nne hadi saa tisa jua liko juu ya utosi, linatupa vivuli vyeusi chini ya nyusi na pua, na watu wanatoka kama hawana macho. Bahati nzuri wazee wetu walijenga nyumba zenye jibu. Kaa barazani. Msogeze mtu kwenye ukingo wa kivuli, uso wake uelekee nje kwenye mwanga, na kama kuna ukuta wa chokaa mbele yake, ukuta huo utamrudishia mwanga laini usoni bila taa yoyote. Vichochoro vya Mji Mkongwe na vya Lamu vimejaa mwanga wa namna hii hata saa sita mchana.

Sasa twende kwenye ngozi. Kamera hupima mwanga kwa kudhani kwamba mbele yake kuna kitu cha kijivu cha wastani. Haijui kanzu wala suti. Bwana harusi akisimama katika kanzu nyeupe iliyojaza fremu, kamera huona weupe mwingi, hushtuka na kupunguza mwanga. Kanzu hugeuka kijivu na uso wa bwana harusi huzama gizani. Kinyume chake, ukisogea karibu kabisa na uso mweusi wenye mandharinyuma meusi, kamera huongeza mwanga kupita kiasi, na ngozi iliyokuwa inang'aa hupauka kama imepakwa majivu. Dawa ni ndogo. Kwenye kamera kuna kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Kwa kanzu, jumlisha; kwa uso mweusi uliojaza fremu, toa. Kwenye simu, gusa uso wa mtu kisha vuta kidole juu au chini. Jaribu leo na ndugu yako mlangoni, utaona tofauti.

Shida hii ina historia. Kwa miaka mingi maabara za kuchapa picha za rangi zilirekebisha mashine zao kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, kadi zilizojulikana kwa jina la Shirley. Ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo. Watu weusi walitoka kwenye picha za darasa wakionekana meno na macho. Hatua kubwa ya kurekebisha filamu ilisukumwa na malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao walitaka rangi za kahawia zitoke vizuri kwenye matangazo yao. Jambo hili huniumiza kila ninapolikumbuka. Kwa hiyo mtu akikwambia kamera haina upendeleo, mjibu kwa adabu, kisha rekebisha mwanga wako mwenyewe.

## Je, lazima nisafiri?

Seydou Keïta alizaliwa Bamako mwaka 1921 au karibu na hapo, akafundishwa useremala. Mwaka 1935 mjomba wake alirudi kutoka safari ya Senegal na kamera ndogo ya Kodak akampa. Mwaka 1948 Keïta akafungua studio kwenye uwanja wa nyumba ya familia, karibu na stesheni ya reli. Alitundika shuka la kitandani nyuma ya wateja, akatumia mwanga wa jua, na kwa kuwa karatasi na filamu vilikuwa ghali, mara nyingi alipiga picha moja tu kwa kila mteja. Hakuzunguka kutafuta watu. Treni ilimletea. Wasafiri walishuka, wakaoga, wakavaa vizuri, wakaenda kwa Keïta. Leo picha zake ni miongoni mwa zinazothaminiwa kuliko zote zilizowahi kupigwa Afrika.

Mtu akinambia hawezi kufanya kazi nzuri mpaka afike Paris, namsimulia habari za shuka lile.

Hata hivyo sitaki kudharau safari, kwa sababu kuna macho ambayo hufunguka kwa kuondoka. Sammy Baloji alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978, mji wa migodi unaozungumza Kiswahili. Alisoma chuo kikuu cha hapo hapo, kisha akaenda Strasbourg, Ufaransa, kusomea picha na video. Kazi iliyompa jina haikuwa ya Ufaransa. Alichukua picha za zamani za wafanyakazi wa migodini enzi za Wabelgiji, akazipandikiza juu ya picha alizopiga mwenyewe za mitambo ya kampuni ya migodi ya Gécamines iliyoachwa ikioza. Wale wafanyakazi wakasimama katika magofu ya kile walichokijenga. Mwaka 2008 yeye na wenzake wakaanzisha tamasha la picha mjini Lubumbashi, wakaliita Picha. Safari yake ilimrudisha nyumbani na macho ya kuona kilichokuwa mbele ya dirisha.

Kwa hiyo kipimo changu cha safari ni kimoja: utarudi pale? Ukienda mara moja ukapiga picha za Mmasai kwenye machweo, umepiga picha ya kile ulichokwenda nacho kichwani. Ukirudi mara ya pili na kumpelekea picha yake iliyochapwa, mazungumzo yanaanza. Ukirudi tena, watoto hawakukimbilii, wazee hawajipangi mstari, na mambo unayoyaona hayamo kwenye kadi za watalii. Na huhitaji viza kwa hilo. Panda daladala usiyoijua mpaka mwisho wa njia, shuka, tembea, halafu nenda tena wiki ijayo. Picha nazo zinaweza kurudi: Boniface Mwangi wa Kenya, baada ya kupiga picha za ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, hakuridhika kuziacha magazetini. Kupitia maonyesho ya Picha Mtaani alizipeleka kwenye miji na barabara ambako watu waliopigwa picha na waliopigana waliweza kusimama mbele ya picha hizo na kubishana.

Kabla ya kuondoka, shika haya:

- Kambi za jeshi, vituo vya polisi na makazi ya viongozi usipige. Bandarini na viwanja vya ndege uliza kwanza.
- Droni inahitaji kibali, Kenya na Tanzania.
- Ukifika kijijini, anza kwa mwenyekiti wa kijiji au mzee wa mtaa. Jitambulishe, eleza kazi yako, kamera ibaki begini mpaka umeelewana.
- Beba picha chache ulizozichapa. Mtu akiona kazi yako anaelewa unachotaka haraka kuliko maneno.

Sheria nayo imebadilika, na vijana wengi hawana habari. Kenya ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2019, Tanzania ina yake ya mwaka 2022. Picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake. Septemba 2023 mamlaka ya Kenya iliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni nne kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi wao. Mimi naomba ruhusa hata pale sheria isiponilazimisha, hasa hospitalini, msibani, na kwa mtoto. Mama akisema hapana, nafunga lenzi na kumshukuru.

## Nani ataiona kazi yangu?

Hili ni swali la mwisho na lina uchungu ndani yake. Mwaka 1991 picha za Keïta zilionyeshwa New York. Chini yake paliandikwa kwamba mpiga picha hajulikani. Mtu alikuwa hai, mjini Bamako, ana masanduku ya negativi nyumbani, na dunia inazitazama kazi zake bila kumtaja. Ilibidi mtaalamu wa sanaa, André Magnin, asafiri hadi Mali kumtafuta, na mwaka 1994 Paris ikamwonyesha kwa jina lake.

Kwa hiyo usilale bila kufanya kazi hii ya chosho. Kila faili la picha liandike jina lako, tarehe, mahali, na jina la aliyepigwa kama ameridhia. Weka nakala sehemu mbili, moja iwe nje ya nyumba unayoishi, kwa sababu simu huibiwa na nyumba huungua. Ukimuuzia mtu picha, andikianeni ataitumia wapi na kwa muda gani, hata kama ni karatasi ya daftari yenye sahihi mbili. Tanzania wapo COSOTA na Kenya wapo KECOBO, ofisi za hakimiliki. Hakimiliki ni haki yako ya kuamua nani aitumie kazi yako. Wazoee mapema, usiwasubiri mpaka siku picha yako itakapotokea kwenye bango la mtu.

Kisha tengeneza potifolio, yaani mkusanyo mdogo wa picha zako bora unaoweza kumwonyesha mtu. Picha 15 zinazozungumzia jambo moja zina nguvu kuliko 100 za kila jambo. Mpe mtu asiyekuogopa azipunguze. Ukiona mkono wako unazuia picha fulani isitolewe, muulize kwa nini anaitoa, na umsikilize mpaka mwisho. Zikibaki zinazosimama, zipeleke: Uganda kuna tuzo za picha za habari tangu 2012, Bamako kuna maonyesho makubwa ya picha ya bara zima tangu 1994. Dar es Salaam, Nafasi Art Space hukutanisha wasanii wa kila aina, na mlangoni hawakuulizi cheti.

Na kama bado huna wa kukukosoa, waunde. Tafuta wenzako wanne mtaani wanaopiga picha, msiwe marafiki wa karibu sana. Kutaneni kila mwezi siku hiyohiyo, kila mmoja aje na picha tano zilizochapwa kwa bei ya maandazi, mzibandike ukutani kwa gundi ya karatasi. Mwenye picha anyamaze. Wengine waseme wanachokiona, si wanachokipenda. Baada ya mwaka, mtazameni aliyeongeza ujuzi kuliko wote. Huyo ndiye wa kumtafutia ada.